Dago si Nyika

Tangu uhakiki wa kimazingira ulipobisha hodi katika idara zetu, imekuwa ada kuuliza ni wapi katika fasihi ya Kiswahili binadamu anapokutana na nyika. Mkusanyiko wa insha uliohaririwa na Cheryll Glotfelty na Harold Fromm mwaka 1996 ndio uliowapa wengi wetu istilahi za mwanzo, na wanafunzi wa uzamili wamezipokea kwa mikono miwili. Walakini jawabu wanalolifikia, semina baada ya semina, ni la unyonge. Ushairi wa Waswahili, husema, ni ushairi wa mji. Umezaliwa barazani na kulelewa ukumbini, na kila unapochungulia nje ya kuta za mawe huona ama biashara, ama hatari, ama adhabu. Bahari ni njia ya majahazi au ni mfano wa dunia isiyotulia. Mwitu ni maficho ya mtoro. Magofu yaliyomea miti ni onyo kwa moyo ulioghafilika. Hayupo, basi, mshairi wetu wa kale aliyetoka akaenda kulala nje kwa kuwa tu alipenda kulala nje. Na kwa kuwa hayupo, huhitimishwa kwamba fasihi yetu ina pengo.

Hoja hii ina chembe ya kweli nami siidharau. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaitazama Pate iliyokuwa na taa na fahari, na dalili ya mwisho wake ni kwamba ndege na wadudu wamehamia katika nyumba za mabwana. Kiumbe wa porini akiingia nyumbani, mji umekufa. Kinachonitia shaka ni kipimo kilichotumiwa kulipima pengo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ya kuhifadhi nyika ilimweleza binadamu kuwa mgeni apitaye, asiyebaki. Mwaka 1995 mwanahistoria William Cronon, Mmarekani mwenyewe, aliishambulia dhana hiyo kwa kuonyesha kwamba nyika isiyo na mtu ni kitu kilichotungwa, na kwamba wenyeji waliondolewa kwanza ndipo ardhi yao ikaitwa tupu. Sisi tumeazima kipimo tukauacha ubishi wake. Tunamtafuta Mswahili aliye peke yake msituni, na tusipomwona tunaandika kwamba hapana kitu.

Nitatoa ushahidi ambao kwa desturi hauletwi katika kurasa kama hizi. Kati ya mwaka 2006 na 2010, kila mwezi wa Novemba, kusi ikishakwisha na kaskazi haijashika, mimi na wenzangu watatu tulikuwa tukitoka Lamu kwa mitumbwi miwili kwenda kulala nje katika visiwa vya kaskazini, siku sita au saba. Mmoja alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya upili. Wa pili alikuwa mwenzangu wa masomo ya uzamili. Na wa tatu, aliyekuwa kiongozi wetu kwa kila hali, alikuwa mvuvi wa Lamu aliyevuka miaka sitini. Sote tulimwita Ami. Hatukuwa na utafiti. Hapakuwa na hojaji wala kinasasauti. Tulikwenda kwa kuwa tulipendana na kwa kuwa Ami alikubali kwenda nasi. Kwa nini yeye alikubali, sikuwahi kumwuliza, na nadhani angaliniona mpumbavu lau ningaliuliza.

Anayekwenda kaskazini kutoka Lamu kwa chombo kidogo hana budi kuupita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakipwa, Mkanda hubaki matope na mizizi ya mikoko. Yakijaa, huwa njia. Siku za bamvua maji hujaa katika pwani hii mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, kwa hivyo safari zetu zilianza usiku, mbalamwezi ikiwa juu. Mwaka wa kwanza tulifika mlangoni mapema mno. Mwalimu wa jiografia akashika upondo, akataka tusukume hivyo hivyo juu ya matope. Ami akasema, "Ndiya haiyafunguka, wanangu. Ngojani." Tukangoja, makafi yamelala mapajani, mpaka mtumbwi wenyewe ukaanza kucheza chini yetu.

Neno hilo, ndiya, tunalikuta katika tenzi za kaskazini, tukalifasiri pambizoni kuwa "njia", kisha tukapita. Mwanafunzi huidhania kuwa kitu kilichopo wakati wote, mithili ya barabara ya lami, ambacho mtu huamua kukifuata au kukiacha. Kwa Ami ndiya ilikuwa tukio. Ilikuja, ikakaa saa mbili tatu, ikaondoka. Mawaidha ya washairi wetu wanaomhimiza msikilizaji ashike njia husomeka vingine kabisa ukiichukua njia kuwa kitu kinachoweza kukupwea. Sidai kwamba kila njia iliyotajwa katika tenzi ni ya maji. Nadai kwamba mhakiki asiyewahi kungoja maji hana sababu ya kulishuku neno hilo, na neno lisiloshukiwa halisomwi.

Sitaeleza vituo vyote. Takwa, kisiwani Manda, mji ulioachwa tangu karne ya 17, tulipita na kulala mara mbili. Watu wa Shela bado huenda huko kuzuru na kuomba dua, na kwa hiyo hata gofu hilo si tupu kama wasomaji wa magofu wapendavyo liwe. Siyu, mji uliosifika kwa wanavyuoni na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, mji ambao majeshi ya Sayyid Said yaliushindwa katika miaka ya 1840, huingiwa kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Ukikosa maji yake unalala matopeni hadi jioni. Kutoka Siyu tulikuwa tukienda Shanga kwa miguu, kutazama mahali ambapo Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 wakakuta misikiti juu ya misikiti, ya chini kabisa ikiwa ya miti na ya karne ya 8. Kiwayu tulifika mara moja tu.

Neno la mambo haya yote ni dago. Wavuvi wa pwani yetu, na wenzao wa Pemba vilevile, husema "kwenda dago" kwa maana ya kuhama na nyavu, sufuria na jamvi hadi ufuo wa mbali, na kukaa huko kwa majuma au miezi kadiri samaki wanavyokuwapo. Umbo lake la pili, ago, limo katika methali inayomkataza msafiri kulichafua ago lake anapoondoka kwa kuwa huenda akarejea papo hapo. Methali hiyo ni kanuni ya kulala nje, na kwa maoni yangu inatosha kuvunja dai kwamba Waswahili hawakulitafakari jambo hili. Tuitazame sababu yake. Wapiga kambi wa Amerika Kaskazini nao wana kanuni ya kutoacha dalili, na ni kanuni njema. Lakini sababu yao ni kwamba ajaye baadaye aione ardhi kana kwamba hapakuwa na mtu kabla yake. Methali yetu haitaki kuficha kwamba palikuwa na mtu. Inataka atakayekuja apakute pakalika, na inakisia kuwa atakayekuja ni wewe mwenyewe. Mmoja anasafisha ili asahaulike, na mwingine anasafisha kwa kuwa anatarajiwa. Tofauti hiyo haionekani katika mchanga uliofagiliwa, ila inaonekana katika fasihi itakayotokana na kila upande.

Mfano mdogo zaidi ni wa malazi. Mwenzangu wa uzamili alikuja na hema la nailoni, zuri, la rangi ya chungwa, lenye zipu mbili. Ami alisimamisha pondo mbili, akalaza foromali juu yake, akatandaza tanga, na chini yake jamvi. Tanga lilizuia umande wa juu na upepo wa upande mmoja. Upande wa pili ulibaki wazi kuelekea moto. Hema liliwazuia usubi, sikatai, lakini lilizuia na mazungumzo. Aliyekuwa ndani alisikia sauti akakosa maneno, akawa anauliza "Nini? Mmesema nini?" mpaka tukamchoka. Usiku wa tatu wote wanne tulikuwa chini ya tanga, na hema likatunza mchele, kazi ambayo liliifanya kwa uaminifu hadi mwisho.

Chakula tulikula kwa kikoa. Wasomaji wa bara pengine wamelikuta neno hili katika kamusi tu: ni shirika la wenzi ambapo kila mmoja kwa zamu yake huwapatia wengine chakula. Zamu ya Ami ilikuwa samaki. Yangu ilikuwa wali, na sikusifiwa. Ya mwalimu wa jiografia ilikuwa chai ya strungi na mahamri aliyoyabeba kutoka Lamu, ambayo siku ya nne yalihitaji meno ya ujana. Usiku mmoja, zamu ikijadiliwa kwa utani, Ami akatukumbusha kikoa cha Liongo.

Kisa hicho wasomaji wa jarida hili wanakifahamu, na kimo katika Utendi wa Liongo wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Waliotumwa kumwua Fumo Liongo walimwalika katika kikoa cha makoma. Walikwenda pamoja mwituni, na shauri lilikuwa kwamba kila mmoja kwa zamu apande mkoma awaangushie wenzake matunda. Zamu ya Liongo ikifika, naye akiwa juu hana pa kukimbilia, wamfume kwa mishale. Zamu ikafika. Liongo hakupanda. Alichukua uta wake akayafuma makoma yalipokuwa, yakaanguka chini, wakala.

Sisi wahakiki tumezoea kulisoma tukio hili kuwa ushahidi wa werevu wa shujaa na shabaha yake, kisha tukaharakisha kufika kwenye kifo chake mikononi mwa mwanawe. Mwalimu wa jiografia, ambaye hakuwa mtu wa fasihi na hakuwa na haraka, aliuliza: "Kwani, Ami, Liongo hakuyajua mashauri yao?"

"Aliyua."

"Basi mbona alikwenda?"

Ami aliusogeza moto kwa ncha ya kafi. "Angalikataa kikoa," alisema, "angaliketi na nani?"

Nimelirudia swali hilo darasani kwa miaka mingi, na sijapata kitabu kilicholiuliza. Linageuza kisa kizima. Liongo, tukilifuata swali la Ami, anakwenda mwituni akijua, kwa sababu kulikataa shirika la wenzi kungekuwa ni kujifukuza mwenyewe kabla ya kufukuzwa. Na zamu inapofika hakwepi. Hapo ndipo penye uzito, nasi tumepapita. Angeweza kukimbia, au kuwatangulia kwa mishale hiyo hiyo. Badala yake analipa deni lake lote. Makoma yanaanguka, idadi yake ni kamili, wenzake wanakula chakula alichowapa mtu waliyekuja kumwua. Uta wake unamwokoa, naam, lakini pia unakiokoa kikoa: sharti limetimizwa, na aibu imebaki kwa waliolivunja mioyoni mwao. Mtunzi hakuhitaji kuwalaani. Na ndiyo maana kifo kinachofuata hakina budi kuja kutoka karibu zaidi, kwa mwana, kwa kuwa urafiki umejaribiwa ukashindwa kumwua.

Basi mwitu katika kisa hiki si mahali pa upweke. Ni mahali ambapo jamii imepunguzwa ikabaki wale wachache wanaokula chungu kimoja, bila ukuta, bila kadhi, bila jirani wa kusikia ukelele. Kwa sababu hiyo mwitu unatisha, na kwa sababu hiyo hiyo mtu huutamani. Anayemtafuta Mswahili aliyejitenga na watu ili aione nyika hatampata. Lakini akimtafuta Mswahili aliyetoka mjini na wenzake ili ajue ni nani hasa aliye naye, atamkuta Liongo pale pale, chini ya mkoma, uta mkononi.

Tena sina hakika kwamba hata wenzetu wa Marekani walikuwa peke yao kiasi hicho. Henry David Thoreau, ambaye wanafunzi humchukua kuwa mfalme wa wapweke, alianza uandishi wake wa vitabu kwa safari ya mashua. Tarehe 31 Agosti 1839 yeye na kaka yake John waliondoka Concord, Massachusetts, kwa chombo walichokiunda kwa mikono yao, wakalala katika hema kandokando ya mito ya Concord na Merrimack. Safari ilichukua majuma mawili. John alikufa kwa pepopunda mwaka 1842. Kitabu kilitoka mwaka 1849, na humo majuma mawili yamekuwa moja. Ndani yake mna insha ndefu juu ya urafiki. Jina la John halimo. Kitabu husema "sisi" mashua inapokwenda, lakini mawazo yanapoanza kupaa "sisi" hugeuka "mimi", na mwenye kafi la pili haonekani tena. Simlaumu; huzuni ina namna zake, na pengine kulitaja jina kulimshinda. Nasema tu kwamba upweke tuliofundishwa kuuona kuwa asili ya nyika ulipatikana, katika kitabu hiki angalau, mtu mmoja alipokwisha kuondoka mashuani.

Desturi yetu ilikoma mwaka 2011. Mwaka huo wageni walishambuliwa na kutekwa Kiwayu na Manda, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 watu wa Lamu waliwekewa amri ya kutotoka usiku. Uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Wachambuzi wa usalama na wa uchumi wameeleza hasara ya samaki na ya watalii. Sijaona aliyeeleza hasara ya masimulizi. Dago ni usiku; mchana kila mtu ana kazi. Kijana wa Lamu aliyekuwa na miaka kumi na miwili mwaka 2011 alikuwa mtu mzima kabla hajapata fursa ya kukaa chini ya tanga na wazee akasikia kwa nini Liongo alikwenda. Kisha ikaja bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya ujenzi wake, na gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ng'ambo ya maji tuliyokuwa tukiyapita kwa makafi. Fidia huhesabu nyavu na maeneo ya kuvulia. Idara zetu, ambazo zilipasa kuhesabu kingine, zinaendelea kuwatuma wanafunzi maktabani kutafuta nyika.

Mwalimu wa jiografia alifariki mwaka 2017. Simtaji jina, kwa kuwa hilo ni la jamaa zake, nami nimewaomba jambo jingine kubwa zaidi wakanikubalia: daftari lake la safari, la kawaida, la kurasa tisini na sita, lenye madoa ya chai. Alikuwa akiandika kila usiku kabla ya kulala. Mna nyakati za maji kujaa na kupwa, mna upande wa upepo, mna majina ya mito, kama wenyeji wa huko waitavyo mikono ya bahari, ambayo baadhi yake sijayaona katika ramani yoyote. Hakuna maelezo ya mandhari. Mwanafunzi mmoja niliyemwonyesha alisikitika, akasema marehemu hakuwa na jicho la mazingira.

Nilimwomba atazame vitenzi. Safari za Wasuaheli, masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, akiwamo humo Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia, huendeshwa kwa sehemu kubwa na kiambishi kimoja: tukaondoka, tukafika, tukalala. Tumezoea kukiona hicho kuwa udhaifu wa usimulizi, ukosefu wa nafsi. Daftari la mwenzetu ni hivyo hivyo toka ukurasa wa kwanza. Tumepita Mkanda. Tumekula. Tumengoja maji. Novemba 2009, Ami na sisi wawili tulikwenda Shanga kwa miguu tukalala huko; yeye alikuwa amekatwa na chaza kisigino, akachagua kubaki na mitumbwi katika mto wa Siyu. Usiku ule ameandika: "Tumelala mtoni. Bamvua. Maji saa kumi na robo." Mtumbwini alikuwa peke yake.